Kidole Chenye Chumvi

Muuzaji alijaza beseni maji hadi nusu, akawasha kishikwambi, akaweka video ya singeli, kisha akakitumbukiza. Wapita njia wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, wakasimama kutazama. Chini ya maji yule mwimbaji aliendelea kurukaruka, sauti ikitoka kama ya mtu aliyefunikwa na sufuria. Muuzaji akahesabu hadi 30, akakichomoa, akakifuta kwa pindo la fulana yake, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Dada yangu, hiki hata ukikidondosha Feri kitafika Kigamboni kikiimba."

Watu wakacheka, nami nikacheka, na moyoni nilikuwa nimeshanunua.

Nilikuwa nimetumwa. Idara yetu ilikuwa inakwenda delta ya Rufiji kupima mikoko, na safari hii tuliamua kuachana na fomu za karatasi. Mimi, mtafiti msaidizi mwenye miezi mitatu kazini ambaye sikuwahi kuikanyaga delta, nikakabidhiwa shilingi milioni 3 ninunue vishikwambi vinne vya kuhimili tope, maji na purukushani za vijana. Dokta, kiongozi wetu, aliponikuta nimechora jedwali la kulinganisha aina, bei na sifa, alinipiga methali: "Mchagua jembe si mkulima. Nenda kanunue, Jumatatu tunaondoka."

Neno kishikwambi lilikuwa geni kwa wengi hadi sensa ya Agosti 2022, makarani walipobisha hodi wakiwa navyo mikononi. Baadaye vikagawiwa walimu, na leo hata mtoto wa darasa la pili analijua. Lakini karani wa sensa aliwekewa kiti chini ya mwembe, pengine akaletewa na chai. Sisi tulikuwa tunakwenda mahali pasipo na pa kuketi.

Pale Aggrey nilijifunza kusoma maboksi. Herufi zinazopigiwa debe ni IP67 na IP68. Hizo ni alama za kiwango cha kimataifa kiitwacho IEC 60529. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, na 6 ndiyo ya juu kabisa: vumbi halipenyi. Ya pili ni ya maji. Ikiwa 7, kifaa kimezamishwa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30 kikatoka salama. Ikiwa 8, kimepita hapo, kwa kina na muda anaoutaja mtengenezaji mwenyewe. Chini yake huwa pameandikwa MIL-STD-810H, maneno yanayomfanya muuzaji avimbe kifua na kusema "hiki cha jeshi". Ukweli ni kwamba hicho ni kitabu cha majaribio cha jeshi la Marekani, na lililo maarufu zaidi ni kuangusha kifaa mara 26 kutoka kimo cha mita 1.22. Mtengenezaji huchagua mwenyewe ni majaribio yapi ayafanye, na hakuna afisa wa jeshi anayepita viwandani kugonga mhuri. Maboksi mawili yanaweza kubeba herufi zilezile na vilivyomo visiwe vimepitia mateso sawa.

Jambo moja nililigundua kwa bahati. Nilikuwa nimeshika kishikwambi kizuri cha bei ya chini, chembamba, kisicho na nafasi ya laini ya simu. Nikatoka nacho nje ya duka, nikafungua ramani, nikangoja. Nikangoja tena. Alama ya mahali nilipo ikabaki palepale, imeganda mtaa wa tatu kutoka nilipokuwa. Kumbe baadhi ya vishikwambi visivyopokea laini ya simu havina GPS kabisa. Vinakisia mahali ulipo kwa kunusa mitandao ya Wi-Fi ya jirani. Katikati ya Kariakoo, ambako kila ghorofa lina Wi-Fi tatu, ukisiaji huo unaweza kupita. Katikati ya mikoko, kifaa hicho ni sahani ya kioo.

Nikarudi nyumbani na mzigo wa mchanganyiko. Viwili vilikuwa vya kazi ngumu, vya inchi 8, vilivyovikwa mpira pembeni, vyenye betri nene na nembo nisiyowahi kuisikia, shilingi 680,000 kila kimoja. Hivi ndivyo ndugu wa yule wa kwenye beseni. Cha tatu kilikuwa cha mtumba, Samsung Galaxy Tab Active3, aina iliyotoka mwaka 2020, shilingi 750,000. Hiki nilikipendea vitu viwili: betri yake hufunguliwa na kubadilishwa kwa mkono, na kina kalamu yake iliyochomekwa kwenye kava. Cha nne kilikuwa kishikwambi cha kawaida kabisa, chenye GPS, shilingi 390,000, nikakiongezea kava gumu na mfuko wa plastiki usiopitisha maji kwa shilingi 85,000. Chenji ikabaki 415,000, nikanunua pawabenki mbili na kadi za kuhifadhia data. Dokta akakagua mzigo, akatikisa kichwa, akaniambia niongeze penseli sita na madaftari ya jalada gumu. Nilidhani ananitania.

Tuliondoka Mbagala Rangi Tatu alfajiri, sisi wanne: Dokta, wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu na mimi. Barabara ya Kilwa ni lami hadi Bungu. Ukishapita Mkuranga na Kimanzichana, mikorosho inakusindikiza pande zote. Pale Bungu tukakata kushoto kuelekea Nyamisati, na vumbi likatupokea. Lilipita kwenye madirisha yaliyofungwa, kwenye zipu za mabegi, likakaa kwenye nyusi za abiria kama unga wa mahindi. Nilipofungua begi Nyamisati, vishikwambi vyote vilikuwa vyekundu. Vya mpira nilivifuta tu. Kile cha kawaida kilikuwa kimekunywa vumbi kwenye tundu la spika, na tangu siku hiyo kilizungumza kama mzee mwenye kikohozi.

Nyamisati ndipo watu wa Mafia wanapopandia boti kuvuka kwenda Kilindoni. Sisi hatukuvuka. Tulimkuta nahodha wetu amekaa kwenye ukingo wa boti la faiba, suruali imekunjwa magotini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmechelewa, lakini maji bado yanatusubiri."

Mto Rufiji, kabla ya kuingia Bahari ya Hindi mkabala na Mafia, hujichanachana kama ufagio. Kati ya njia zake kuna msitu wa mikoko mkubwa kuliko mwingine wowote Tanzania, karibu hekta 50,000, uliomo katika eneo la ardhioevu la Rufiji, Mafia na Kilwa lililotambuliwa chini ya mkataba wa Ramsar mwaka 2004. Ukiwa ndani ya boti huoni msitu. Unaona kuta mbili za kijani na maji ya rangi ya chai ya maziwa katikati. Kona moja inafanana na nyingine. Nahodha alinionyesha kwa kidevu: "Humu Mjerumani alificha meli nzima." Alikuwa anasema kweli. Manowari Königsberg ilijichimbia humu mwaka 1914, Waingereza wakalazimika kuleta ndege za kuitafuta juu ya miti, na hadi tarehe 11 Julai 1915 ndipo walipoimaliza. Nilimsikiliza huku nikitazama kishikwambi changu kilichoandika kwa majivuno: usahihi mita 4. Sikujua kwamba mahali palipoficha manowari pangeweza kunificha na mimi.

Tulikuwa tumepanga safari kwa mwezi, kama wavuvi. Mwezi ulikuwa umeandama siku mbili nyuma, hivyo ilikuwa bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa alasiri. Maana yake ni kwamba una saa nne hivi za kufanya kazi. Saa mbili unaingia nyuma ya maji yanayoondoka, saa sita maji yanarudi kukufuata, na hayapigi hodi.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Kutoka ukingo wa kijito unanyoosha mstari kuingia msituni, unaweka viwanja sita vya duara, kila kimoja chenye nusu kipenyo cha mita 7, umbali wa mita 25 kati ya kimoja na kingine. Ndani ya kila duara unaandika kila mti: ni mkoko, mchu, mkandaa, msinzi, mlilana au mkomafi, uko hai au umekufa, unene wake ni sentimita ngapi. Mchu unapimwa kwenye kimo cha kifua, mita 1.3. Mkoko wenyewe, kwa sababu umesimama juu ya mizizi kama kaa aliyenyanyuka kwenye vidole, unapimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Kutokana na unene huo hukokotolewa uzito wa mti, na kutokana na uzito hukokotolewa kaboni uliyoihifadhi.

Kuifanya ndiyo habari nyingine. Tope la mikoko lina tabia ya mkopo: kuingia ni wepesi, kutoka ndiko kuna maneno. Mguu ukizama hadi gotini unahitaji mkono mmoja kushika mzizi. Mkono wa pili ndio wenye kishikwambi. Hapo nikalijua jibu la swali la kwanza ambalo jedwali langu halikuwa nalo: je, kinashikika kwa mkono mmoja? Dukani nilitamani vya inchi 10, vyenye betri kubwa ya kudumu siku tatu na uzito wa kukaribia kilo moja. Namshukuru aliyekuwa navyo kwa kunitajia bei iliyonishinda. Hata hivi vya inchi 8, kufika kiwanja cha tatu, vilikuwa vimening'inia shingoni mwa wanafunzi kama kengele za ng'ombe.

Swali la pili lilikuja tulipotoka kivulini. Kioo cha kile cha kawaida kilikuwa kimefifia hadi nikajiona uso wangu mwenyewe, kofia na yote, badala ya fomu. Mwanga wa vioo hupimwa kwa niti. Vishikwambi vingi vya kawaida vina niti 300 hadi 400, na hiyo inatosha sebuleni. Kwa jua la saa tano pwani ningechukua 600 kwenda juu. Jambo hili haliandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi, na dukani huwezi kuligundua chini ya taa. Isitoshe, kile kilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko usiopitisha maji haupitishi hata joto. Baada ya saa moja kikaleta onyo kwamba kimechemka, kikajizima. Nikakipeleka kwenye boti kikapumzike chini ya benchi, pamoja na ndizi zetu.

Swali la tatu ndilo lililonifunza adabu.

Jioni ile, kijijini tulikofikia, tulikaa barazani kwa Mama mwenye nyumba tukipitia data. Mwanafunzi mmoja akasoma kwa sauti: "Kiwanja cha nne, mti wa tisa, mkoko, hai, sentimita 134."

Dokta akaacha kutafuna. "Sentimita ngapi?"

"Mia moja thelathini na nne."

Mkoko wa unene huo ungekuwa na upana wa meza ya kulia watu wanane. Dokta akaomba daftari. Maana, licha ya vishikwambi vyote, alikuwa amemlazimisha kila mmoja aandike kwa penseli vipimo vya mti mmoja katika kila mitatu. Na mti wa tisa ulikuwamo: 13.4. Nukta ilikuwa imepotea. Tukaendelea kutafuta, tukakuta mti wenye unene wa 0, mkandaa uliobadilika kuwa mkomafi, na sehemu moja ambapo tarakimu 7 imejirudia mara tano kama mtu mwenye kigugumizi.

Kosa halikuwa la vijana. Kioo cha kugusa hufanya kazi kwa kuhisi umeme mdogo unaopita kwenye kidole. Maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko ya bomba; tone likitulia juu ya kioo, kifaa hulihesabu kuwa kidole. Kidole chako chenyewe, kikiwa kimelowa chumvi na tope, huacha mstari nyuma yake, na mstari ule huendelea kubonyeza baada ya wewe kuondoka. Kishikwambi kilikuwa hai, kizima, hakikuingia hata tone ndani. Kilikuwa tu kinaandika uongo. Na kwa kuwa uzito wa mti hupanda kwa kasi kuliko unene wake, kosa la mara 10 kwenye unene ni kosa la zaidi ya mara 100 kwenye kaboni. Mkoko mmoja wa uongo ungeweza kuushinda msitu mzima wa kweli.

Ni kimoja tu ambacho hakikuwa na hata kosa moja la namna hiyo: kile cha mtumba, kwa ajili ya kalamu yake. Kalamu ile haitegemei umeme wa kidole. Kioo huihisi kwa njia ya sumaku, nayo haina hata betri. Maji yakitiririka juu ya kioo, yenyewe inaandika tu.

Usiku ule tukairekebisha fomu. Tulikuwa tunatumia ODK, programu ya bure iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington, inayofanya kazi bila mtandao na kutunza majibu hadi utakapoupata. Inaruhusu kuweka mipaka: tukaiambia kwamba mti ukizidi sentimita 60 iulize mara mbili kabla ya kukubali, na kwamba sufuri si unene wa mti. Tukabadilisha pia jambo la GPS. Programu ilikuwa inangoja usahihi wa mita 5 ndipo ihifadhi mahali. Juani inaupata upesi. Chini ya mikoko, ambako majani mabichi yanadhoofisha mawimbi ya setilaiti ambayo tangu huko juu ni dhaifu, tulikuwa tumesimama dakika nzima nzima tukisubiri namba iteremke kutoka 11, maji yakikaribia. Tukaweka mita 10, na kwa kila mstari tukachukua alama moja safi ukingoni mwa kijito, penye anga wazi, kisha viwanja vyote vikahesabiwa kutoka hapo kwa kamba. Kamba haingoji setilaiti.

Nilidhani tumemaliza. Nikachomeka chaji.

Vishikwambi viwili vya mpira vikakataa. Kila kimoja kilionyesha picha ya tone la maji na kunitaka nikaushe tundu la chaji. Nikafungua vile vifuniko vidogo vya mpira: kimoja hakikuwa kimefungwa sawasawa tangu asubuhi, kingine kilikuwa na chembe ya mchanga iliyokiinua kwa unywele mmoja. Ndani, kwenye vyuma vya kuchajia, palikuwa na weupe wa chumvi. Nilisoma mahali kwamba kifaa kikiingia maji ya bahari kinasuuzwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikaushwe. Hata watengenezaji husema majaribio yao ya IP hufanywa kwa maji safi. Basi nikachukua jagi lililokuwa barazani, nikaanza kusuuza.

"Binti," Mama mwenye nyumba aliita kutoka jikoni, kwa upole unaouma kuliko ukali. "Hayo ni maji ya mvua. Ya kunywa."

Nilisimama na jagi mkononi. Visima vya pale, kiangazi, hutoa maji ya chumvichumvi. Maji matamu huletwa kwa madumu kwa mtumbwi au hukingwa masika na kutunzwa. Nilikuwa nimemwaga chai yao ya asubuhi juu ya kioo. Niliomba radhi. Mama akanyamaza kidogo, kisha akanipa kikombe kimoja cha plastiki, nusu. "Oshea hicho. Ukimaliza, maji yake yamwagie mchicha wangu."

Nusu kikombe ilitosha matundu mawili na mswaki wa zamani. Vikakauka kwa kupepewa, na saa tano usiku kimoja kikakubali kuchaji kwa pawabenki, kwa kuwa sola ya nyumba ilikuwa imeelemewa na taa na simu za majirani. Cha pili hakikukubali tena kwa safari yote. Kikafa siku ya tatu, betri ikiwa imeisha, mwili ukiwa mzima kabisa. Ndugu wa yule aliyeimba kwenye beseni. Cha mtumba nacho betri yake ilikuwa imechoka kwa uzee, lakini nilikuwa nimenunua ya pili. Kila adhuhuri nilifungua mgongo nikabadilisha, na tundu lake la chaji halikuiona delta.

Siku ya nne nilimkuta nahodha ameegemea injini akisubiri tutoke. Alikuwa anaongea na simu yake, kitochi cha vibonye kilichofutika namba zote. Alipomaliza akaifunga kwenye kitambaa, akaitia kwenye kopo la siagi lenye kifuniko, akalisukuma chini ya kiti. Nikamweleza matatizo yangu kwa urefu, kuanzia Aggrey, hadi beseni na singeli.

Alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo alikuonyesha namna kinavyozama?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mwanangu, mimi nikienda kwa fundi kununua mtumbwi, simwambii anionyeshe unavyozama. Nauingia. Nakaa upande mmoja nione unavyolala. Nampa kasia na mtoto wangu nione kama anauweza." Akakitazama kile cha mtumba mikononi mwangu, akakigeuzia jua, akasogeza kichwa. "Hiki naona maandishi. Kile kingine nilikuwa naona pua yangu."

Nilifikiri juu ya maneno yale njia nzima ya kurudi. Sisi tulionunua kwa herufi za boksi tulikuwa tumeuliza kifaa kitastahimili nini kikipatwa na balaa: kikianguka, kikizama, kikikanyagwa. Hayo ni maswali ya ajali, nayo yana nafasi yake. Katika siku sita vilianguka mara nyingi kuliko nilivyohesabu, vikaangukia tope laini kuliko godoro, na hakuna kilichopasuka. Kilichotuumiza si ajali hata moja. Ni kazi ya kawaida ya kila dakika: kidole kilicholowa, jua la saa tano, mfuniko mdogo unaofunguliwa kila jioni, jagi la maji.

Basi nilipoandika ripoti ya manunuzi kwa safari ya pili, sikuchora jedwali. Niliandika kwamba timu ya watu wanne haihitaji vinne vya kazi ngumu. Inahitaji viwili vizuri vya kuingia navyo topeni, vyenye kalamu, betri ya kubadilishwa na kioo cha kuonekana juani, hata kama ni vya mtumba, mradi mtu avipime kwanza. Kile cha kawaida kibaki kijijini. Huko ndiko kilikofanya kazi yake vizuri, kikikusanya data za vingine kila jioni kupitia kadi, karibu na taa, mbali na chumvi. Cha nne kibadilishwe kuwa fedha: betri za ziada, kamba nzuri, penseli, na madumu mawili ya maji matamu ya kwetu wenyewe, tusije tukavinywesha vioo vyetu maji ya watu. Dokta alisoma, akapiga mstari chini ya neno penseli, akasaini.

"Na ile methali?" nikamuuliza.

"Ipi?"

"Mchagua jembe."

Akacheka. "Ilimhusu asiyetaka kulima. Wewe umeshalima."

Wiki iliyofuata nikarudi Aggrey. Muuzaji alinikumbuka, akaita kijana alete beseni. Nikamwambia aache. Nikafungua mkoba, nikatoa chupa ndogo ya maji niliyoyachota kwenye kijito cha Rufiji, bado yana rangi ya chai ya maziwa. Nikachovya kidole, nikachukua kishikwambi, nikatoka nacho nje, jua lilipokuwa limesimama katikati ya mtaa. Wapita njia wakasimama, kama mara ile, wakitarajia maonyesho.

Nikafungua ukurasa mtupu, nikaandika kwa kile kidole: 13.4.

Kioo kikafikiri kidogo, kisha kikaandika 1334.

"Dada yangu," muuzaji akasema akichungulia juu ya bega langu, "sasa hapo unakionea."

Nikakifuta vizuri kwa khanga, nikamrudishia kwa mikono miwili. "Nipe kingine," nikamwambia, nikachovya tena kidole.